Meseji za ofa, ruhusa mlipewa na nani?

Ati wafanyabiashara wanalia sheria ya kulinda data (taarifa za mtu kama jina na namba ya simu) inawabana kutuma matangazo kwa simu? Wacheni hizo. Sheria yetu Kenya ya 2019 na kanuni zake hazijakataza meseji za ofa, zinataka tu uombe ruhusa kwanza na umpe mteja njia rahisi ya kujitoa, ya bure au ya gharama ndogo tu. Mimi nililipia unga kwa simu kwa duka fulani, tangu hapo ni ofa asubuhi ofa usiku, natuma STOP naambiwa sina kredo ya kutosha, jamani! Namba yangu ilikuwa ya kulipa si ya matangazo. Mwenye amechoka apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data, ni bure, na faini inaweza fika milioni 5. Lakini piga skrinshoti kabla hujafuta.