Yule Mama wa Kimarekani Sikuja Naye Mimi

Najua mmeshaisikia ile ya presentesheni yangu ya takwimu. Mchumi, mwenzangu wa kikundi, aliitupia kwenye grupu la darasa kabla hata sijafika hosteli, voisi ndefu, nusu yake kicheko. Kwenye toleo lake mimi nililia. Sikulia. Ukumbi ule una vumbi na feni ilikuwa inaelekea upande wangu, basi. Lakini kwa kuwa sasa hata watu wa kozi nyingine wananiita "Fainali Kweli" koridoni, acha niseme mwenyewe.

Tuanze na laptopu, maana wapo wanaosema nilipigwa. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, lilipoingia kila mtu alikimbilia dude kubwa. Mchumi akachukua la inchi 15.6, kibodi inawaka taa za rangi kama baa ya Sinza, betri inakaa muda wa kusalimiana tu. Akiingia lekcha anatafuta soketi kwanza, kiti baadaye. Mimi nikasema hapana. Chumba chetu kina watu wanne rasmi na wawili tunaowabeba, soketi mbili, moja ilishakufa. Nikataka kitu kidogo, chepesi, kinachokaa na chaji kutwa, kinachozama kwenye begi mtu asijue umebeba nini ukiwa umebanwa kwenye mwendokasi saa 12 jioni. Na bajeti ilikuwa 350,000, hapo nikishatenga ya kula. Niambieni kosa liko wapi.

Nikaenda Kariakoo, upande wa mtaa wa Aggrey. Sijamaliza hata kuvuka barabara, winga, dalali wa kuwapeleka wateja madukani, kanidaka. "Bosi, laptopu ya chuo? Njoo nikupe kitu cha Uingereza." Akanipandisha ngazi za jengo moja, tukaingia kijiduka ambacho mtu akikohoa wote mnaupokea. Ndipo nikaiona: inchi 11.6, raba imezunguka kingo zote, mgongoni stika ya msimbo pau ya shule ya huko ilikotoka, na pembeni mtoto fulani wa Kizungu alishachonga dinosaria kwa kitu cha ncha. Kitufe cha E kilikuwa cheupe, wenzake wote weusi. Nikaipenda hapo hapo.

Nikauliza mbona ina kile kiduara cha rangi nne. Winga: "Hiyo ni Windows ya Google, bosi. Haishiki virusi." Nikauliza mbona haina kitufe cha kuandikia herufi kubwa, badala yake kuna kilichochorwa lenzi. "Hicho cha kutafutia. Ukipoteza kitu unabonyeza." Mwenye duka alikuwa anatazama dari. Nikaweka sikio, haina mngurumo wowote. "Haina feni, ndiyo maana haipati moto." Kwamba haina feni, hilo lilikuwa kweli.

(Mnaojiandaa kununua, nawaombeni dakika moja halafu tunarudi kwenye aibu yangu. Hiyo ni Chromebook, laptopu yenye mfumo wa Google wenyewe. Haina Windows. Faili la kusakinisha SPSS, ile programu ya takwimu, ulilopewa kwenye flashi utalibofya mpaka kidole kiote sugu, halifunguki. Kila Chromebook pia ina tarehe yake ya kuacha kupokea masasisho: mwaka 2023 Google walitangaza miaka kumi kwa zilizotoka kuanzia 2021, sasa ya kwangu ni ya zamani zaidi, tarehe yake ilishapita ikiwa bado shuleni kwa wenyewe. Ingia kwenye mipangilio uitazame hiyo tarehe KABLA hujatoa hela, sio ukiwa kitandani. Na wewe unayesema bora ndogo yenye Windows, angalia diski. Windows 11 inadai angalau GB 64 na RAM GB 4, na vile vidogo vingi vya bei ya chini vina GB 32 zilizogandishwa ubaoni, huongezi. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haya, tuendelee.)

Basi siku ya presentesheni. Takwimu, kazi ya kikundi, watu saba, waliofanya kazi wawili. Slaidi zilikuwa kwangu. Mchumi alisema tutumie dude lake, nikamwambia dude lako litazima kwenye utangulizi. Nilijiamini sana. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima.

Nikachomeka kiunganishi, waya wa projekta ukaingia, skrini kubwa ikawaka. Ukutani ikatokea picha ya mlima wenye theluji. Nikafungua faili zangu. Ukutani mlima. Nikabofya hapa, nikabofya pale. Mlima. Nyuma mtu akasema, "Tunaona Kilimanjaro tu." Sikujua kwamba kifaa hiki ukikiunganisha kinafanya ukuta kuwa skrini ya pili, hakionyeshi unachokiona wewe. Kwa hiyo orodha ya mafaili yangu ilikuwa kwangu peke yangu. Likumbukeni hili. Hakuna aliyekuwa anaona jina la faili lolote. Nilikuwa salama.

Dokta akatazama saa. Mchumi, kwa ule wema wake, akapaza sauti: "Kontroo, Alti, Diliti!" Nikashika Kontroo. Nikashika Alti. Nikatafuta Diliti. Haipo. Sisemi imefichika, HAIPO, waliotengeneza hawakuiweka. Vidole viwili vimeshikilia, cha tatu kinatangatanga kwenye kibodi, jasho linashuka nyuma ya sikio, na katika kutangatanga kikatua kwenye Z.

Ikalia kamlio fulani. Halafu spika za ukumbi, zile kubwa za pembeni ambazo siku zote tunaambiwa ni mbovu, zikafunguka. Mama wa Kimarekani akatangaza kwamba yuko tayari.

Kumbe kile ni kisomaji cha skrini, cha kuwasaidia wasioona. Kitu cha maana sana. Kinasoma kila unachokigusa. Mimi wakati huo sijui, najua tu kuna mtu anaongea. Nikabonyeza mshale wa chini nione kama atanyamaza.

"Kazi ya kikundi, fainali," akasema. Kwa lafudhi yake, lakini ilisikika.

Watu wakacheka kidogo, cheko la huruma. Nikabonyeza tena.

"Kazi ya kikundi, fainali kweli."

Sasa mtu mwenye akili angeacha kubonyeza. Mimi akili ilishatoka mlangoni, ilikuwa inasubiri daladala. Nikabonyeza.

"Fainali kweli, Mchumi asiguse."

Hapo ndipo ukumbi ulipoanguka. Na hapo ndipo mjue kwa nini ile voisi ya Mchumi ina uchungu ndani yake, mtu hajielezi bure. Dokta akavua miwani, akaniangalia, akaziangalia spika, akauliza taratibu kabisa: "Huyo mama amesajiliwa kozi hii?"

Nataka kumjibu. Mdomo umefunguka, sauti hakuna. Mkono, mkono huu huu ninaouandikia, ukabonyeza mshale mara ya mwisho.

"Berua," akaanza mama.

Nikajua ni ipi. Kabla hajafika neno la pili nilijua ni ipi.

"Berua ya kuomba msamaha."

Bado nilikuwa na tumaini, jamani. Lafudhi yake ilikuwa mbaya, "msamaha" aliitamka mtu ungedhani ni mji wa Japani. Nikasema moyoni, labda hawajaelewa, labda wanadhani ni programu. Tatizo ni kwamba baada ya "msamaha" linafuata jina la mtu. Mtu huyo alikuwa amekaa safu ya pili, dirishani. Na jina lake ni la Kizungu. Maneno yote ya Kiswahili yule mama aliyachana, lakini jina hilo alilitamka vizuri kuliko hata waliomzaa mwenye nalo.

Kimya. Mia na kitu, wote shingo upande wa dirisha.

Nikapiga kifuniko cha laptopu, pa! Haikuzima. Ndugu zangu, hii mashine ukiifunga ikiwa imeungwa kwenye skrini nyingine inaendelea kuwa macho. Mlima ukabaki ukutani, na mama kutoka ndani ya kifuniko kilichofungwa akamalizia kwa utulivu: "Rasimu ya nne."

Yaliyofuata ni mafupi. Nilichomoa waya. Tukatumia dude la Mchumi, likazima kwenye slaidi ya tatu kama nilivyosema, na hilo kwenye voisi yake hamkulisikia. Alama za kozi weki tulipata za kutupitisha. SPSS nimeachana nayo, kuna PSPP, ya bure, nimeiingiza kupitia Linux iliyomo humo humo ndani na inanitosha kwa kazi za takwimu. Mtu wa dirishani alinitumia ujumbe mmoja tu jioni: rasimu ya kwanza mpaka ya tatu ziko wapi? Sijajibu. Msinisukume.

Na kwa wanaouliza kama naiuza, siuzi. Jana umeme ulikatika hosteli tangu asubuhi, chumba kizima simu zimekufa, mimi nasoma. Usiku saa 3 nani anagonga? Mchumi. Dude limezima, kesho ana tesiti, anaomba aazime "kale kadogo" akasome maktaba, kule kuna jenereta.

Nimempa kwa moyo mmoja. Chaji ilikuwa bado ipo, nimepandisha sauti mpaka mwisho, nikabonyeza Kontroo, Alti na Z, nikaifunga vizuri.