Amana Haiingii Ukutani

Mpwa wangu alinipigia simu usiku wa Jumapili, baada ya Isha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. "Mjomba," aliniambia, "wanasema pesa zangu zimeingia ukutani." Alikuwa amehama nyumba ya Tudor, hapa Mombasa, aliyoipanga pamoja na wenzake wawili, kwa sababu alipata kazi Malindi katika mwezi wa 5 wa mkataba wa mwaka mmoja. Mkataba wenyewe unamruhusu mpangaji kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Naye aliitoa notisi hiyo kwa maandishi, akalipa kodi ya mwezi huo hadi siku ya mwisho, akakifagia chumba na kuukabidhi ufunguo mkononi mwa msimamizi. Kati ya shilingi 9,000 za amana alizotoa siku aliyoingia, alirudishiwa 600.

Kodi ya nyumba ile ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Siku ya kuingia, wasichana hao watatu walilipa kodi ya mwezi wa kwanza, wakaongeza 24,000 za amana na 3,000 za maji na stima, ndiyo maana fungu la kila mmoja likawa 9,000. Orodha ya makato niliisomewa kwa simu, nikaiandika nyuma ya bahasha: rangi ya chumba 5,000, mfereji 1,900, kuziba matundu ya misumari 1,500. Niliijumlisha mara mbili, nikapata 8,400 mara zote mbili, na hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda, kwa kuwa hesabu iliyo sahihi juu ya msingi usio sahihi inaudhi kuliko hesabu iliyokosewa.

Nilikwenda Tudor mwenyewe siku ya Jumatano. Nyumba iko chini kabisa ya jumba la orofa nne, na chumba alichokuwa akilala mpwa wangu kimepakana na bafu. Aliyekaa Mombasa anajua ukuta wa namna hiyo ulivyo. Unyevu unapanda kutoka ardhini, hewa ya bahari inaingia kila mahali, na chumvi inajitokeza kwenye lipu mpaka rangi inafura kama malengelenge na kuanguka vipande vipande. Niliupitisha mkono juu ya ukuta ule, nikaurudisha ukiwa mweupe kwa unga wa chumvi. Ukuta haukuwa umepakwa rangi mpya. Msichana mpya aliyechukua nafasi ya mpwa wangu alikuwa ameshalala humo siku kumi na mbili, kitanda chake kimeusogelea ukuta uleule, na shuka lake lina vumbi jeupe upande wa kichwani. Mfereji nao ulikuwa uleule wa zamani, umeliwa na kutu shingoni kama inavyoliwa mifereji yote inayopitisha maji ya chumvi ya kisima. Matundu niliyahesabu yakawa saba, na manne kati yake ni ya fimbo ya pazia ambayo ilikuwepo kabla ya wasichana hawa kuingia.

Najua ilikuwepo kwa sababu ya picha. Siku ya kwanza mpwa wangu alimpigia mama yake picha ya chumba, kwa furaha tu, apate kukiona chumba cha kwanza ambacho mwanawe anakilipia kwa jasho lake. Picha ina tarehe. Ndani yake ziko fimbo ya pazia na rangi iliyofura, na chini ya dirisha kuna kipande cha lipu kilichobanduka ambacho bado kimebanduka hadi leo. Picha iliyopigwa kwa furaha imegeuka kuwa ushahidi, na jambo hilo limenihuzunisha kuliko zile fedha.

Lakini ukuta si kiini cha shauri hili. Msichana huyo mpya, kabla ya kupewa ufunguo, alitakiwa atoe shilingi 9,000 za amana. Hakumpa mpwa wangu aliyekuwa anatoka, wala hakuwapa wale wawili waliobaki. Alizituma moja kwa moja katika simu ya msimamizi. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na amana kamili ya 27,000 kutoka kwa watu watatu wanaoishi ndani, na juu yake alikuwa na 9,000 za mtu wa nne asiyeishi humo tena. Nilipomuuliza msimamizi, alinijibu kwa upole, "Mzee, amana haigawanywi. Nyumba ikihamwa yote ndipo inaangaliwa. Na sisi tunamjua yule aliyetia sahihi." Aliyetia sahihi ni mmoja wa wale waliobaki. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kama mnamjua mmoja tu, mlimjuaje huyu mpya mkapokea fedha zake? Na kama amana haigawanywi, mlimkataje mpwa wangu 8,400 katika fungu lake peke yake?" Akasema yeye ametumwa tu, nami naamini ametumwa.

Nataka tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu ina majina ya kutosha kwa fedha zinazotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kila jina lina hukumu yake. Kodi ni malipo ya kukaa, ukishakaa imekwenda. Arubuni ni fedha ya kuthibitisha ununuzi. Mnunuzi akirudi nyuma huenda akaipoteza, na wote wawili wanajua hivyo tangu mwanzo. Rehani ni mali unayoishikilia mpaka mwenzako atimize alichoahidi, na akitimiza huna haki ya kubaki nayo hata saa moja. Amana ni kitu cha mtu kilicho mkononi mwako, na kila aliyepita chuo cha Kurani anakumbuka kwamba alama mojawapo ya mnafiki ni kuhini anapoaminiwa. Sisi wenyewe ndio tuliochagua kuziita fedha hizi amana, na mikataba yetu ya Kiswahili inaandika hivyo. Kisha mwenye nyumba anazipokea kama kodi ya ziada, anazitumia mwezi huohuo, na mpangaji anapotoka mapema anazihukumu kama arubuni: umerudi nyuma, umezipoteza. Ndiyo sababu ukuta unatafutwa. Fedha zilikwisha kutumika zamani, na mahali pekee pa kuzipata ni katika fungu la yule anayeondoka, ambaye amefika Malindi na hana nafasi ya kurudi kila wiki kubishana.

Bibi yangu alikuwa na nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita kulia na kushoto kwa ukumbi, vinne amepangisha. Mmoja wa wapangaji wake alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa bara, ambaye kila alipokwenda kwao alimwachia sanduku la bati. Safari moja alikawia karibu mwaka mzima. Chumba kilipangishwa mtu mwingine, kwa sababu bibi naye alihitaji kula, lakini sanduku lilihamia chini ya kitanda chake, na sisi watoto tulikatazwa hata kulikalia. Mwenyewe aliporudi alikuta kufuli liko kama alivyoliacha. Bibi hakujua kusoma na hakuwahi kuandikiana mkataba na mpangaji yeyote. Alijua tu kwamba chumba ni chake na sanduku si lake.

Nakubali kwamba wenye nyumba wana machungu yao. Wako wapangaji wanaohama usiku wa manane na kuacha deni la miezi miwili, bili ya maji na sinki lililopasuka, na anayeondoka bila notisi anamwachia mwenye nyumba chumba kitupu ambacho huenda kikakaa hivyo hata miezi mitatu. Mtu wa namna hiyo akatwe, tena akatwe kwa risiti. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba wale wasichana wawili waliobaki hawakuwa na wajibu wa kumrudishia mpwa wangu kutoka mifukoni mwao fedha ambazo wao hawakuzishika. Kosa lao ni kunyamaza msimamizi alipopokea amana ya mtu wa nne mbele yao. Walihofia kuonekana wakorofi na kufukuzwa, na hofu hiyo siwezi kuwalaumu nayo sana.

Sheria inamsaidia kidogo mpangaji wa aina hii. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296 ya sheria za Kenya, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho mji umekiacha nyuma miaka mingi iliyopita. Nyumba ya 24,000 haimo kabisa. Mwaka 2021 uliletwa bungeni mswada wa kuiunganisha sheria hiyo na nyingine mbili za wapangaji na wenye nyumba, lakini haujamfaa mpwa wangu, ambaye amehama akiwa na mkataba wa kurasa mbili tu. Palipo na matumaini ni mahakama za madai madogo, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021 kabla ya kuenea miji mingine. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, zinatakiwa zitoe uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Miongoni mwa madai yaliyotajwa katika sheria hiyo ni fedha zilizoshikwa na kupokewa kwa ajili ya mtu mwingine. Nilipoyasoma maneno hayo niliona kwamba bunge, kwa lugha yake kavu, limeandika alichokijua bibi yangu.

Hata hivyo mahakama ni tiba ya baada ya ugonjwa. Uingereza, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba haruhusiwi kukaa tu na amana ya mpangaji bila ulinzi: lazima iwekwe chini ya mpango ulioidhinishwa, sasa ndani ya siku 30, na asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa amlipe mpangaji mara moja hadi mara tatu ya amana yenyewe. Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi mitatu na hutengwa na mali ya mwenye nyumba. Mtu ataniambia kwamba hizo ni nchi tajiri. Basi tutazame hapahapa. Mwaka huohuo wa 2007 ndio M-Pesa ilipoanza Kenya, na fedha tunazoziweka humo hazichanganywi na fedha za kampuni. Zinashikiliwa na wadhamini katika akaunti za benki kwa niaba yetu sisi wenyewe. Mama muuza mahamri mwenye salio la shilingi 40 katika simu yake analindwa kwa utaratibu huo. Msichana aliyempa mwenye nyumba shilingi 9,000 halindwi na chochote. Uwezo wa kutenga amana tunao, tumeuzoea na tunautumia kila siku, na sioni kwa nini amana ya nyumba isitengwe vivyo hivyo, fedha zikae mahali ambapo si mwenye nyumba wala mpangaji anayeweza kuzigusa peke yake.

Kwa wale wanaoishi kwa kushirikiana, wakati sheria bado haijaja, naomba jambo moja: anayeingia ampe amana anayetoka, mkono kwa mkono, mbele ya msimamizi, na waandikishane karatasi siku hiyohiyo baada ya wote watatu kukikagua chumba. Mwenye nyumba hapungukiwi na senti moja, kwa kuwa amana yake inabaki ileile. Ubaya wa chumba unajulikana siku hiyo, na anayedaiwa yupo, anaweza kujibu.

Mwenye nyumba nilimwandikia barua ya nusu ukurasa, nikaambatisha picha mbili, ile ya siku ya kwanza na yangu ya Jumatano ile, zote za ukuta mmoja. Baada ya siku tisa zilitumwa shilingi 6,900, yaani rangi na mfereji, bila neno lolote. Zile 1,500 za misumari hazijarudi. Mpwa wangu ananiambia, "Mjomba, tuyaache sasa," na fedha ni zake, lakini fomu ya madai nimeshaichukua na nimeijaza upande wa kwanza.

Siku niliyoipeleka barua, msimamizi hakuwepo, na aliyenifungulia mlango alikuwa yule msichana mpya. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akataka kujua nimekuja kutazama nini tena. Nikamweleza yote, nikamwonyesha picha ya mpwa wangu. Aliitazama kwa muda, akageuka kuutazama ukuta, kisha akaliinua godoro lake na kulisimamisha mlangoni ili ukuta wote uonekane. Akatoa simu. "Nianzie wapi, mzee wangu?" Nikamwambia aanze na matundu yaliyo juu ya dirisha, halafu ashuke taratibu hadi pale lipu ilipobanduka.