Fremu ichukue kwenye faili, si kwenye kioo

Filamu mpya ikitoka tu, kurasa za burudani hujaa picha zilizopigwa kwa simu mbele ya kompyuta. Mistari ya rangi imepindapinda juu ya sura, taa ya chumba inawaka kwenye paji la uso la steringi, na chini kabisa saa ya Windows inasoma saa sita na nusu usiku. Mwandishi kachambua vizuri, picha inamwangusha. Na yote hiyo ni kazi ya bure, kwa sababu picha anayoitafuta imo tayari ndani ya faili. Filamu ya dakika 90 inayokwenda fremu 25 kwa sekunde, yaani picha tuli 25, ina fremu 135,000, na yoyote kati ya hizo inatoka nzima bila kupitia kioo.

Wanaotumia kitufe cha PrtSc wana nafuu kidogo, lakini nao wanapoteza. Kitufe kile hunasa kilichoonyeshwa kwenye skrini, basi. Laptopu nyingi za zamani za bei ya kawaida zina skrini ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1366 kwa 768. Ukichezesha humo filamu ya 1920 kwa 1080, kompyuta inaipunguza ienee, nawe unaondoka na karibu nusu tu ya pikseli zilizomo. Filamu ya DVD inafanyiwa kinyume chake: inavutwa iwe kubwa, kisha unahifadhi ule ukungu wa kuvutwa.

Kwenye VLC, programu ya kuchezesha filamu, njia ni fupi: simamisha filamu, bonyeza Shift na S. Kwenye Mac ni Command, Option na S. Picha huingia kwenye folda ya picha ikiwa na ukubwa wa filamu yenyewe, hata kama dirisha la VLC ulilipunguza. Ukitaka kubadili folda au aina ya faili, nenda Tools, Preferences, kisha Video. Kama hutaki manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha), yazime mapema kwa kitufe cha V.

Kupata fremu yenye sura ndiyo kazi hasa. Mtu akizungumza, nusu ya fremu zake ni mdomo uliopinda na macho yaliyofumba nusu. Kitufe cha E hukusogeza mbele fremu moja moja, ila VLC 3 hairudi nyuma, kwa hiyo anza sekunde moja au mbili kabla ya pale unapopataka. Mimi naona mpv, kichezaji kingine, inafaa zaidi kwa hili: nukta inakwenda mbele, mkato unarudi nyuma, s ndogo inanasa pamoja na manukuu, S kubwa inanasa bila manukuu. Bila kuambiwa itahifadhi JPG, inayobana picha na kupoteza ubora; ili upate PNG isiyopoteza kitu, andika screenshot-format=png kwenye mpv.conf, faili la mipangilio yake. Na usihangaike kutafuta ukali pasipokuwa nao. Mkono unaorusha ngumi umefifia tangu kamera ilipounasa. Subiri pale ngumi inapotua, au mwigizaji anapotulia kabla ya kujibu.

Filamu zetu za Bongo zilizouzwa kwenye DVD zina ugonjwa wao. Nyingi zilirekodiwa kwa kamera za video zinazogawa kila fremu mara mbili: mistari ya shufwa wakati mmoja, ya witiri sehemu ya hamsini ya sekunde baadaye. Ukisimamisha mtu anapogeuka, ukingo wa shavu unatoka na meno kama kitana. Bonyeza D kwenye VLC kabla hujasimamisha, na kwenye mipangilio chagua Yadif, njia ya kuondoa meno hayo. Achana na Blend, maana yenyewe huchanganya nusu zote mbili na kukuachia mzimu wa pua ya pili.

Halafu kuna watu kurefuka. DVD ya PAL (mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde) ina pikseli 720 kwa 576, ziwe za picha pana au ya mraba-mraba. Ni kichezaji kinachoivuta hadi 1024 au 768 wakati wa kuonyesha. Ukitoa fremu kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, bila kuivuta, programu nyingi za picha zitakuonyesha watu wembamba kupita kiasi. Amri inayotibu magonjwa yote mawili ni hii:

ffmpeg -ss 00:42:17.5 -i filamu.mkv -vf "yadif,scale=iw*sar:ih,setsar=1" -frames:v 1 picha.png

Weka -ss kabla ya -i, la sivyo programu itasoma filamu yote tangu mwanzo hadi dakika ya 42. Kwa filamu isiyo na meno, ondoa yadif. Filamu za 4K zenye HDR (mwanga na rangi nyingi kuliko video ya kawaida) zitatoka zimepauka kwa amri hii. Hizo zina dawa yake, na si fupi.

Hifadhi PNG, punguza baadaye. Ukimtumia mhariri kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kama picha itabanwa upya na nywele zote zitageuka doa moja jeusi.

Huduma za kulipia za mtandaoni ni habari nyingine. Ukinasa pale unapata mraba mweusi, na hilo si hitilafu ya kompyuta yako: video inafika imefungwa kwa makusudi. Sishauri kuhangaika kuifungua. Mwandikie mtayarishaji au msambazaji umwombe picha za matangazo. Wengi wanazo na wanataka zisambae.

Za matangazo ndizo utakazohitaji hata kwa kuchapisha. Kwa nukta 300 kwa inchi, fremu ya 1920 kwa 1080 inatosha upana wa sentimita 16 tu, na ya DVD haifiki 9. Anayeomba bango la ukutani kutoka kwenye DVD aelezwe mapema, kabla hajalipa mchapaji.