Umevuta lini? Kuhusu programu, jeki na mzunguko wa tatu

Mwanafunzi mmoja aliniletea grafu mbili zilizolaliana kama shuka na godoro. Moja ilitoka maabara, ambako nguzo ya zege ilisukumwa na kuvutwa kwa jeki, kuiga tetemeko la ardhi, mpaka ikachoka. Nyingine ilitoka kwenye programu ya kompyuta inayoiga nguzo hiyohiyo. Nikamuuliza: ndani ya programu ulivuta lini? Kimya. Alisukuma upande mmoja tu, kisha akalinganisha na mstari unaopita juu ya vilele vya vitanzi vya maabara, yaani zile duara ambazo grafu ya nguvu na mhamo (umbali ambao nguzo imesogea) huchora kila nguzo inapokwenda na kurudi.

Njia hiyo ina watetezi, na hawakosi hoja. Kusukuma mara moja ni kazi ya dakika chache. Kwenda na kurudi mizunguko thelathini kunaweza kula usiku kucha, na alfajiri ukakuta programu imegoma kwenye mzunguko wa tisa. Anayetaka nguvu ya juu kabisa tu mara nyingi haoni sababu ya kukesha.

Lakini tetemeko halisukumi mara moja likaenda zake. Nondo iliyovutwa kupita kiasi, ukiigeuzia mzigo, inalegea mapema kuliko mwanzo; Johann Bauschinger aliyaeleza hayo Munich katika miaka ya 1880. Zege nalo, ufa uliofunguka upande wa kushoto hauna budi kufunga kwanza ndipo upande huo ubebe tena. Wakati ufa unafunga nguzo ni laini, na kitanzi kwenye grafu kinabanwa kiunoni. Eneo lililo ndani ya kitanzi ni nishati ambayo nguzo imeimeza, kwa hiyo mbano huo si wa kupuuza.

Mwongozo wa Marekani wa kupima fremu za zege, ACI 374.1, unataka mizunguko 3 kamili kwa kila hatua ya mhamo, hadi mhamo ufike asilimia 3.5 ya urefu. Kwa nguzo ya mita 3 hiyo ni milimita 105 kila upande. Simama kando yake uone. Hapo, kwenye mzunguko wa tatu, unauliza mambo matatu. Je, nguvu iliyobaki ni angalau asilimia 75 ya ile ya juu? Je, nishati iliyomezwa ni angalau 1/8 ya ile ya kitanzi kisicho na mbano wowote? Je, ukakamavu (jinsi nguzo inavyokataa kusogezwa) karibu na mhamo sifuri haujashuka chini ya asilimia 5 ya ule wa mwanzo? Grafu ya kijana wetu haijibu hata moja. Haina mzunguko wa tatu. Haina hata wa kwanza.

Tukarudia kwenye programu, safari hii kwa kwenda na kurudi, tukiingiza mhamo badala ya nguvu, maana ukiingiza nguvu programu hupotea njia nguvu ya nguzo inapoanza kushuka. Vilele vikawa vilevile. Vitanzi vikatoka vinene kama maandazi! Zege lake halikupewa uharibifu wowote, hivyo kila mzigo ulipogeuka lilirudi na ukakamavu wa siku ya kwanza, na nondo zilishikana nalo bila kuteleza hata kidogo.

Hoja nzito ya upande wa pili inaingia hapa: ukiwa na namba ishirini za kurekebisha ndani ya programu, utafika tu popote unapotaka. Ni kweli. Mwaka 2010 nguzo ya daraja ya ukubwa halisi ilitikiswa mjini San Diego, timu nyingi zikaombwa kutabiri kabla, na majibu yakatofautiana mno. Ndiyo maana namba zirekebishwe kwa nguzo moja, kisha zitabiri nyingine bila kuguswa tena.

Tulifanya hivyo. Vitanzi vya nguzo ya pili vilikaribiana, isipokuwa mwanzoni: maabara ilionyesha ukakamavu kama nusu ya ule wa programu. Kijana alitaka kupunguza namba ya zege. Nikamwambia twende kwanza tukaangalie kitako cha nguzo. Boliti mbili zilikuwa zimelegea, na kifaa cha kupimia mhamo kilifungwa sakafuni badala ya kwenye kitako, kwa hiyo kilihesabu na mtelezo wa kitako kizima.