Choo Kimejengwa, Mhudumu Atalipwa na Nani?

Mwaka jana nilialikwa kwenye kikao cha kikundi cha akina mama huko Mathare, ambacho miaka mitatu awali kilikuwa kimejengewa choo cha umma na mfadhili. Kuta zilikuwa imara, na jina la mfadhili lilisomeka vizuri juu ya mlango, lakini mlango wenyewe ulikuwa umetiwa kufuli. Mweka hazina alinifungulia daftari lake, akapitisha kidole mstari kwa mstari: fedha za semina zilikuwapo, za fulana na mabango pia, ila za maji, za mhudumu na za kuzibua bomba hazikuwapo. “Mwanangu, tuliziomba mara mbili,” aliniambia, “tukajibiwa kwamba kifungu hicho hakimo kwenye mkataba.”

Tatizo hili si geni. Frederick Goff, mwanasheria aliyeongoza benki mjini Cleveland, Marekani, alianzisha wakfu wa jamii wa kwanza mwaka 1914 kwa sababu aliona mali nyingi zilizoachwa na marehemu zimefungwa na masharti ambayo wakati ulikuwa umeyapita. Aliziweka fedha za watu wengi katika mfuko mmoja wa kudumu, na kamati ya wenyeji ikapewa mamlaka ya kuzielekeza kule mji unakozihitaji. Hapa Nairobi, wakfu wa maendeleo ya jamii unaojulikana kwa kifupi kama KCDF ulianzishwa mwaka 1997, na miongoni mwa mambo unayoyahimiza ni vikundi kujijengea mifuko yao ya akiba.

Kwa maoni yangu, mfadhili anayetaka fedha zake zifike mbali aanze kwa kulegeza masharti: atoe kwa miaka mitatu au mitano, na akiachie kikundi kiamue kama shilingi iende kwenye saruji au kwenye mshahara. Wakfu nao uwape wakazi kura, si viti vya wageni waalikwa tu, katika kamati inayogawa fedha.

Najua hofu iliyopo, kwamba pesa zisizo na masharti zitaliwa, na siidharau, kwa kuwa sote tumeona harambee ambazo hesabu zake hazikusomwa kamwe. Hata hivyo, katika chama cha kuchangiana hesabu husomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoishi mlango kwa mlango na mweka hazina, na sijaona mkaguzi wa kumshinda jirani aliyechanga. Kwa nini basi tumlazimishe mama huyo aandike ripoti ya kurasa arubaini kwa Kiingereza, wakati picha ya daftari lake ingetosha kutumwa kwa simu?

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi yamekuwa yakiuliza fedha zitatoka wapi. Sehemu ya jibu imo humu humu mwetu, maana Wakenya wamekuwa wakichangiana tangu kabla ya M-Pesa kuingia mwaka 2007, na uchangishaji wa Kenyans for Kenya wakati wa ukame wa 2011 ulivuka lengo la awali la shilingi milioni 500.

Akina mama wale wameshaanza kuchanga shilingi hamsini kila mmoja kwa wiki ili walipe deni la maji. Wakfu ukiongeza hamsini juu ya kila hamsini yao, bila kuuliza ni kifungu gani, kufuli lile litafunguliwa kabla ya mvua za masika.