Nilivyopata Upadri Bila Kupita Seminari

Lawama zote ziende kwa sweta. Julai ya Poland, kwa mtoto wa Bagamoyo, ni kipupwe tu, basi nikavaa shati jeupe lenye kola ya kusimama, na juu yake sweta jeusi la shingo ya duara. Kola ikawa inachungulia pale kooni, upana wa kidole hivi. Mkatoliki yeyote anayesoma hapa ameshajua tunakoelekea.

Nilikuwa Olesno, mji mdogo wa eneo la Silesia, kusini mwa nchi, kuliona kanisa la hija la Mtakatifu Anna. Ni la mbao, mpaka vigae vya paa, na limesimama tangu 1518. Kati ya 1668 na 1670 fundi mmoja, Marcin Snopek, aliliongezea vikanisa vitano vilivyozunguka kama petali za waridi. Nikainua shingo kushangaa mbao zilivyoshikana. Kola nayo ikazidi kujitokeza.

"Niech będzie pochwalony Jezus Chrystus!" Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani alikuwa ananitazama.

Sasa hiyo ni "Tumsifu Yesu Kristo" yetu ile ile, na mtu aliyelelewa parokiani haiachi ipite bure. Mdomo ukajibu wenyewe: "Na wieki wieków, amen." Loo! Bibi akawageukia wenzake kwa furaha: mmisionari! Kutoka Afrika!

Wakanizunguka. Huyu ana rozari zibarikiwe, yule ana picha ya mjukuu, wa tatu ameshika mkono wangu na haachii. Nikawaambia kwa Kipolandi changu cha kuombea maji kwamba mimi ni mwanafunzi. Wakatazamana, wakaelewa: frateri! Bado yuko masomoni, maskini, Mungu amfikishe.

Nikajipenyeza kwenye kikanisa cha kwanza. Sikuona pa kutokea. Cha pili hivyo hivyo. Ubaya wa waridi la Snopek ni kwamba kila petali inakurudisha katikati, na katikati ndipo walipo mabibi.

Wenyeji husimulia kwamba zamani msichana aitwaye Anna alikimbizwa na majambazi msituni, akajibanza penye msonobari akamwomba Mtakatifu Anna, na majambazi wakapita bila kumwona. Shina la msonobari huo, wanasema, ndilo lililoko nyuma ya altare kuu. Nikasogea upande ule na ombi kama lake. Lakini mtu mweusi peke yake kanisani, huko Silesia? Hata watakatifu wana mipaka. Walinipata papo hapo, tena wamekuja na kołocz, keki yao yenye jibini ndani na chengachenga tamu juu. Hiyo nilipokea. Mafrateri nao hula.

Nikaona dawa ni simu. Nikawafungulia picha ya mke wangu na watoto wetu. "Żona," nikasema, mke. "Dzieci," watoto. Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Bahati mbaya siku ya picha ile mama watoto alikuwa kajifunga kitambaa cheupe kichwani, na gauni lake la bluu lilifika miguuni. Mabibi wakanong'onezana, mmoja akafuta machozi. Sista! Na yatima wake!

Kofia ikaanza kupitishwa.

Unazikataaje zloti za bibi anayelia, wakati msamiati wako wa kukataa umeishia kwenye "hapana, asante", na hilo wanalichukua kuwa unyenyekevu? Nikazipokea, nikaenda hadi sanduku la sadaka nikazitumbukiza zote. Nyuma yangu ikasikika miguno ya sifa: hajabakiza hata sarafu moja! Nikatoka kwa mwendo wa heshima, keki kwapani, nikikazana nisikimbie.

Kwenye basi nikampigia mke wangu nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Haya, frateri," akasema. "Hao yatima wako wanadaiwa ada."