Vasektomi haimgeuzi mwanaume kuwa maksai, ila tuache kumdanganya kwamba inafunguka tu

Jamaa yangu wa karibu ana watoto wanne, na mkewe ana presha. Daktari alishamwambia yule mama vile vidonge vya kawaida vya homoni aachane navyo, kitanzi alikiweka akawa anatokwa damu nyingi hadi akakitoa, na sindano hataki hata kuisikia. Wakakaa wakakubaliana kwamba safari hii mwanaume ndo afunge kizazi, yaani afanyiwe vasektomi. Akaja kutuuliza mimi na mwenzetu mwingine, yule mwenzetu akamwambia usithubutu, utabaki kama maksai, mimi nikamwambia we nenda tu, ukibadili mawazo si unafunguliwa. Baadae nimekaa nikasoma vizuri nikaona wote wawili tulimdanganya, na kwa kweli uongo wangu ndo ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulikuwa mtamu.

Tuanze na hili la maksai maana ndo linalowatisha wengi. Maksai anaharibiwa au anatolewa korodani zenyewe, na korodani ndo kiwanda cha testosteroni, ile homoni ya ndevu, sauti nzito, misuli na hamu. Vasektomi haigusi korodani kabisa. Kinachoguswa ni mrija unaobeba mbegu kutoka kwenye korodani, uko mmoja kila upande, na ukijipapasa taratibu juu ya korodani unausikia chini ya ngozi, mgumu kidogo kama kipande cha tambi ambacho hakijaiva. Daktari anaushika hapo hapo kwa vidole, anachoma ganzi, anatoboa tundu dogo, anauvuta mrija nje, anaukata na kuziba ncha zake kwa kuunguza au kufunga, anaurudisha ndani, anafanya upande wa pili. Ile njia ya kutoboa bila kupasua kwa kisu ilibuniwa China na daktari Li Shunqiang mwaka 1974 na sasa inatumika sehemu nyingi duniani. Shughuli yote inachukua kama dakika 15 hadi 30 na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa testosteroni haipiti kwenye mrija huo, inaingia moja kwa moja kwenye damu, kwa hiyo hata mrija ukatwe mara kumi homoni iko pale pale. Na manii nayo hayapotei, kwa sababu mbegu zenyewe ni asilimia 2 hadi 5 tu ya kile kinachotoka, vilivyobaki ni majimaji ya tezi dume na vifuko vilivyo karibu nayo, ndo maana mwanaume aliyefunga akimaliza tendo haoni tofauti na mwenzi wake haoni tofauti. Mbegu zinaendelea kutengenezwa kama kawaida ila hazina pa kutokea, zinavunjwavunjwa na kufyonzwa na mwili. Kuna kitu kimoja kilinishangaza nilipokisoma, miaka ya 1920 na 1930 huko Ulaya watu waliamini kinyume kabisa, kwamba kufunga mrija huu kunamrudishia mwanaume ujana na nguvu, mpaka Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, akafanyiwa mwaka 1923 na mshairi W. B. Yeats mwaka 1934. Hayo nayo hayakuwa kweli, lakini inaonyesha kwamba hofu ya sasa hivi haijatoka kwenye mwili, upasuaji ni ule ule, ila huko waliambiwa unaongeza nguvu na sisi tumeambiwa unaziua, basi kila mtu anaamini alichosikia.

Ila na upande wa wanaoitangaza vasektomi nao hawasemi yote. Maumivu yapo. Siku za kwanza kuvimba kidogo na michubuko ni kawaida, mtu anatakiwa apumzike na asinyanyue vitu vizito kama wiki hivi, na wachache wanapata damu kuvilia ndani au kidonda kuota usaha. Zaidi ya hapo kuna wale wanaobaki na maumivu ya korodani ya muda mrefu, maumivu yanayoharibu maisha, na chama cha madaktari wa mkojo Marekani kwenye mwongozo wake kinataja asilimia 1 hadi 2. Unaweza kuona ni wachache, lakini ukifunga wanaume mia mmoja au wawili ndo hao, na kwa huyo mmoja haisaidii kitu kuambiwa wenzako 98 wako poa. Anatakiwa ajue kabla hajapanda kitandani, asije kugundua mwenyewe usiku wa manane. Habari za saratani ya tezi dume zilizua hofu kubwa miaka ya 1990, baadhi ya tafiti zimeona ongezeko dogo na nyingine hazijaona, na mwongozo huo huo hauihesabu vasektomi kama chanzo. Mimi hilo lisingenizuia.

Kitu ambacho kingenizuia, na hapa ndo nataka tukae, ni huu uongo wa kufungua. Ni kweli upasuaji wa kuunganisha upo. Daktari anaunganisha tena vile vipande vya mrija akiwa anatazama kwa hadubini, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kazi ya masaa. Lakini kuunganisha mrija ni kitu kimoja na kupata mtoto ni kitu kingine. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, wanaume zaidi ya 1,200 waliounganishwa kwa mara ya kwanza, wale ambao walikuwa wamefunga chini ya miaka mitatu mbegu zilirudi kwa asilimia 97 ila waliopata mimba ni asilimia 76, na wale waliokuwa wamefunga miaka 15 na kuendelea mbegu zilirudi kwa asilimia 71 na mimba ni asilimia 30 tu. Yaani kadri miaka inavyoenda ndo mlango unavyozidi kujifunga wenyewe, kwa sababu msukumo wa majimaji yaliyozuiliwa nyuma ya palipokatwa unaweza kuziba na vimirija vingine vidogo kule chini, na mwili unaweza kujenga kinga dhidi ya mbegu zake wenyewe. Na sehemu nyingi gharama ya kufungua ni kubwa mno kuliko ya kufunga. Mwanaume anayeenda kufunga huku moyoni anasema nitafungua, huyo hajaamua kufunga bado, arudi nyumbani. Hata kugandisha mbegu kwenye benki kabla ya kufunga, ambako sehemu zingine kunawezekana, mi naona ukishaanza kuliwaza sana hilo jiulize mara mbili kama kweli umemaliza.

Na wanaojuta wanajulikana kwa sura, tafiti zinaonyesha waliofunga wakiwa vijana wa miaka ya ishirini ndo wanaorudi sana kutaka kufunguliwa kuliko waliofunga wakiwa wakubwa. Halafu wapo wanaoamua katikati ya moto, mke kajifungua kwa shida juzi, ndoa inayumba, kazi imekatika, mtu anataka kufunga ili kitu fulani kitulie. Vasektomi haitulizi ndoa. Inazuia mimba, basi.

Wanaopinga wana hoja ambayo mimi siwezi kuicheka: maisha hayajulikani. Watoto wanakufa, ndoa zinavunjika, mtu anaoa tena kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa na anataka wake. Pia kuna dini. Papa Paulo VI kwenye waraka wake wa 1968 alikataza kufunga kizazi moja kwa moja, iwe mwanaume au mwanamke, na jopo la wanazuoni wa fiqhi wa nchi za Kiislamu lililokaa Kuwait mwaka 1988 lilisema haifai kuondoa kabisa uwezo wa kuzaa isipokuwa kwa dharura, huku likiruhusu kuzuia mimba kwa muda kwa makubaliano ya wanandoa. Mtu anayeishi kwa imani yake hilo ni zito kweli, na kumwambia ana ushamba ni kumkosea heshima.

Na kuna historia ambayo wanaohamasisha wanapenda kuiruka. Jimbo la Indiana kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 1907 ya kufunga kizazi kwa lazima watu walioitwa hawafai kuzaa, na kabla ya sheria hiyo daktari wa gereza alishawafunga wafungwa kwa upasuaji huu huu. India wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977 ilikuwa mbaya zaidi, maofisa walipewa idadi ya kufikisha, watu wakazuiliwa mishahara na huduma mpaka walete karatasi ya kufunga, ndani ya mwaka mmoja wakafungwa wanaume zaidi ya milioni 6. Serikali ikaanguka kwenye uchaguzi wa 1977, na baada ya hapo vasektomi ikaporomoka India na mzigo wote ukahamia kwa wanawake. Kwa hiyo mtu akiwa na mashaka na kampeni ya kufunga wanaume tusimjibu kwa ukali, hayo mashaka yana sababu, na dawa yake ni mwanaume aulizwe, aelezwe, apewe muda, na akikataa isiwe kesi. Ufaransa kwa mfano sheria ya 2001 inampa mtu miezi minne ya kutafakari kabla ya kufunga. Wengine wanaona ni kumfanya mtu mzima mtoto. Mi naona miezi minne si kitu kwa jambo la maisha yote.

Sasa hoja iliyonigeuza mimi niwe upande wa kukubali ni ya mzigo. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2019 zinasema wanawake waliokuwa wamefunga kizazi duniani ni kama milioni 219, na wanaotegemea mwanaume aliyefunga ni kama milioni 16. Wakati kumfunga mwanamke mara nyingi ni lazima uingie tumboni, hatari ni kubwa zaidi na kupona kunachukua muda, huyu wa kiume ni tundu la juu juu kwenye ngozi na ganzi ya hapo hapo. Na kabla hajafika huko kwenye kufunga mwanamke ameshabeba mimba, ameshajifungua, ameshameza vidonge miaka, kichwa kinamuuma, mwili unabadilika, hedhi zinavurugika. Halafu mwanaume anaambiwa dakika 20 anasema naogopa. Kuogopa naelewa kabisa, lakini huko kuogopa tusikupe jina la kulinda familia. Kanada, Uingereza na New Zealand wanaume waliofunga ni wengi kuliko wanawake waliofunga, na hawajaacha kuwa wanaume.

Je, mke ni lazima akubali? Japani sheria bado inataka ridhaa ya mwenza, Brazil nayo ilikuwa inataka mpaka sheria ya 2022 ikaondoa hilo na kushusha umri kutoka miaka 25 hadi 21. Mi sipendi sheria imtake mtu mzima aombe ruhusa juu ya mwili wake, kwa sababu likipita kwa mwanaume litapita na kwa mwanamke anayepigwa nyumbani. Lakini mwanaume anayefunga kimya kimya huku mkewe kila mwezi anahesabu siku akitafuta mtoto, huyo anamwibia mwenzake miaka ambayo hairudi.

Pia kufunga hakuzuii magonjwa ya zinaa wala HIV, kwa hiyo mwenye wasiwasi na hilo kondomu iko pale pale.

Na kuna hili ambalo limevunja ndoa za watu bure. Baada ya kufunga mwanaume hajawa salama siku hiyo, kule mbele ya mahali palipokatwa bado kuna mbegu zilizobaki njiani, zinahitaji kama miezi mitatu na kumwaga mara nyingi ndo ziishe, na hakuna namna ya kujua isipokuwa kupeleka manii kupimwa. Kikopo kidogo chenye kifuniko, unaandikwa jina, unapeleka kingali na joto. Wanaume wengi hawarudi, wanaona aibu au wanadhani yameisha. Mwezi wa pili mke ana mimba, mwanaume anasema mimi nimefunga, hii ya nani? Mama wa watu anafukuzwa na mimba ni ya yule yule aliyemfukuza. Hata baada ya kipimo kuwa safi bado mrija unaweza kujiunga wenyewe, ni mara chache sana, kama 1 kati ya 2,000, lakini ipo, na DNA ipo pia, kwa hiyo kabla ya kumtupia mtu nguo nje nenda kapime upya.

Nilirudi kwa jamaa yangu nikamwambia yote haya, na nikamwomba msamaha kwa lile neno la si unafunguliwa. Akanyamaza, akaniuliza, kwa hiyo mwanangu mmoja akifariki ndo basi? Nikamwambia hesabu hivyo, ndo basi. Alienda kumuuliza mkewe swali hilo hilo, na alinisimulia kwamba yule mama alikaa kimya muda mrefu akasema, mtoto wangu akifa sizai mwingine wa kuziba nafasi yake, na mimba nyingine na hii presha anaweza kufa mama yao. Walikaa nalo miezi kadhaa. Akafunga. Alivimba siku nne, akalala na barafu iliyofungwa kwenye taulo. Kikopo cha kwanza kilirudi bado zinaonekana chache, daktari akamwambia endeleeni na kondomu urudi baada ya wiki sita. Alirudi. Cha pili kikaja sifuri, na ile karatasi alimpa mkewe aisome mwenyewe.